Kabati la Nguo au Chumba cha Nguo?



Katika ramani za nyumba zichorwazo siku hizi, tangu Mombasa hata Dar es Salaam na Unguja, aghlabu utaona kando ya chumba cha kulala pamepigwa mistari ya chumba kingine kidogo kisichokuwa na dirisha. Hicho si stoo wala si choo. Ni chumba cha nguo: mtu huingia kwa miguu yake, nguo zikiwa kulia na kushoto, akachagua la kuvaa kisha akatoka. Vijana wanaojenga hukipenda sana. Wazee wakikiona huuliza, je, kabati limekosa nini? Suali hili si dogo kama lidhaniwavyo, kwani jibu lake likishajengwa kwa tofali na saruji haliondoki kwa urahisi. Yapasa liulizwe kabla mwashi hajaitwa.

Wazee wetu wa mwambao hawakuwa na hili wala lile. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja dari iliezekwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziendi mbali, upana wa chumba ulikuwa kiasi cha futi 9 hivi. Kutani palikuwa na vidaka vya kuwekea vyombo, taa na vitabu. Nguo zilikaa ndani ya kasha, nayo makasha mengine yalitengenezwa papa hapa na mengine yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Nguo njema ilifukizwa udi, ikakunjwa, ikatiwa kashani pamoja na karafuu chache, na siku ya Idd ikatoka na harufu yake. Kasha lilikuwa na aibu moja: cha chini hakionekani mpaka cha juu kitolewe, na kanzu iliyopigwa pasi hutoka na makunyanzi.

Likaja kabati, lenye milango, rafu na mti wa kutundikia, likaiondoa aibu hiyo. Sasa kimekuja chumba cha nguo, nacho hakikuzaliwa kwetu. Katika majumba ya matajiri wa Ulaya palikuwapo tangu zamani chumba cha kuvalia, na Marekani katika karne ya 20 chumba cha nguo kikaenea hata katika nyumba za watu wa kawaida. Kutoka kwa wageni si aibu. Kabati nalo lilitoka kwao, na hata jina lake ni la kwao. Tuulize tu kama chatufaa sisi, katika nyumba zetu na hewa yetu.

Tuanze na nafasi, maana hesabu haina upendeleo. Nguo iliyotundikwa hutaka kina cha futi 2, ili bega la kanzu lisisuguane na mlango. Chumba cha nguo chenye nguo pande mbili chataka basi futi 2 kulia, futi 2 kushoto, na futi 3 katikati za kupita mtu na kuinama; jumla upana wa futi 7. Kikiwa na urefu wa futi 6, kimechukua futi 42 za mraba. Katika hizo, nguo zimekaa kwenye futi 24, na futi 18 zilizobaki ni njia tu. Futi 18 za mraba ndicho kitanda cha mtu mmoja, futi 3 kwa futi 6. Tena hatujahesabu ukuta: kuta mbili mpya za tofali la inchi 6 zitakula kiasi cha futi 6 na nusu nyingine za mraba.

Sasa tazama kabati. Makabati mawili ya upana wa futi 6 kila moja yana nafasi ile ile ya nguo, yaani futi 24 za mraba. Nayo pia yataka njia mbele yake, kiasi cha futi 3 milango ifunguke na mtu asimame, lakini njia hiyo ni sakafu ya chumba cha kulala ambayo mwatembea juu yake kila siku kwa haja nyingine. Kabati huazima njia iliyopo. Chumba cha nguo hujenga njia yake peke yake. Mwenye kiwanja kikubwa halimdhuru. Mwenye kiwanja cha futi 40 kwa futi 60, mwenye watoto wanne na wazazi walio hai, yampasa alitazame mara mbili.

Wako wadhanio kwamba chumba cha nguo huwaokolea gharama ya seremala. Sivyo. Nguo haziningʼinii hewani. Chumba hicho chataka rafu, mti wa kutundikia na droo, sawasawa na kabati. Juu ya hayo chataka ukuta, lipu, rangi, mlango na taa. Utakachopunguza ni milango ya kabati peke yake.

La pili ni hewa, nalo ndilo litupambanualo sana na wale tuliowaiga. Katika nchi za baridi nyumba hupashwa moto wakati wa kipupwe, na hewa ya ndani huwa kavu; katika miji mingi ya Marekani nyumba hupozwa kwa mashine wakati wa joto, na mashine hiyo huondoa unyevu. Chumba kisicho na dirisha hakiwadhuru sana. Mwambao wetu ni mwingine. Katika masika, tangu Machi hata Mei, hewa hujaa maji, na unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi mahali pasipopita upepo, koga huota. Huota juu ya viatu vya ngozi, juu ya mkanda, katika mshono wa koti na katika mgongo wa kitabu. Chumba cha nguo kilichofungwa pande zote, taa yake ikiwa ndiyo jua lake, ni shamba zuri la koga. Na ubaya huzidi pale mchoraji anapokipachika baina ya chumba cha kulala na bafu, kama ilivyo katika ramani nyingi, mvuke wa maji ya moto ukaingia kila asubuhi.

Kabati nalo halikusalimika. Kabati lililobandikwa ukutani, khasa ukuta wa nje upigwao na mvua ya kusi, huoza mgongo. Lakini dawa yake ni nyepesi: livute inchi 3 kutoka ukutani, liwe na miguu ili upepo upite chini na mchwa aonekane kabla hajapanda, na mgongoni litobolewe matundu. Siku ya jua fungua milango yote tangu asubuhi hata adhuhuri. Chumba cha nguo huwezi kukivuta.

La tatu ni namna ya nguo zetu. Chumba cha nguo kilikusudiwa watu wenye makoti marefu ya baridi, suti na magauni, vyote vya kutundikwa. Je, sisi twavaa nini? Kanga hukunjwa. Kikoi hukunjwa. Shuka, mitandio, fulana, nguo za watoto na sare za skuli hukunjwa. Za kutundikwa ni kanzu, buibui, mashati na magauni machache. Kanzu ya mtu mzima yataka urefu wa futi 5 kutoka kwenye mti. Shati latosheka kwa futi 3 na nusu. Basi kabati la futi 6 likigawanywa futi 4 za kutundikia na futi 2 za rafu, upande wa kutundikia hubeba nguo 30 bila kusongana, ukiipa kila nguo inchi moja na nusu. Mume na mke wenye nguo za kutundikwa zaidi ya hizo wapo, lakini kabla hawajajenga chumba wazitoe zote kitandani wazihesabu. Aghlabu zilizovaliwa tangu Ramadhani iliyopita hazifiki nusu. Hizo nyingine zina watu wanaozihitaji mtaani.

La nne ni mali, na katika hili vijana wengi hawafikiri. Kabati ni chombo. Likiuzwa huuzwa, likihamishwa huhamishwa, na mwenye kufa akaliacha hukadiriwa thamani yake pamoja na vyombo vyengine. Chumba cha nguo ni sehemu ya nyumba. Mpangaji akikiweka rafu nzuri kwa fedha zake, siku ya kuhama huziacha kwa mwenye nyumba, ila kama walikubaliana mbele. Kadhalika mke. Sheria yetu imemhifadhia mke mali yake, haichanganyiki na ya mume kwa sababu ya ndoa. Akinunua kabati kwa fedha zake, ni lake, na linajulikana. Akitoa fedha zile zile zikajenga rafu katika ukuta wa nyumba ya mume, kesho pakitokea la kutokea, nani ataupasua ukuta? Si vibaya kutoa, ila iandikwe ametoa kiasi gani na kwa makubaliano yapi. Maandishi hayavunji mapenzi, hulinda haki.

Baada ya kusema haya, uadilifu wataka tukipe chumba cha nguo haki yake. Fadhila yake kubwa ni sitara. Katika Suratun-Nur, aya ya 58, tumefundishwa kwamba watoto wasiobaleghe nao waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri wakati watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Adabu hiyo yahusu kuvaa na kuvua. Katika nyumba yenye watu wengi, ambapo mtoto mchanga analala chumbani mwa wazazi na shangazi huingia kumchukua, mahali palipofungwa pa kubadilishia nguo si anasa. Fadhila ya pili, mtu aamkaye mapema kwenda kazini hawashi taa usoni mwa aliyelala. Ya tatu, mkeka, mito na mablanketi ya wageni hupata pa kukaa badala ya kurundikwa juu ya kabati hata dari. Mwenye nafasi, akaweka dirisha, na kila mtu nyumbani mwake ana pa kulala, na ajenge. Hapana wa kumlaumu.

Lakini sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha maneno yangu, na nitalieleza kwa kisa.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, alinijia na ramani mkononi ili nimwombee dua katika ujenzi wake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niione."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vya kulala na sebule. Chumba cha mume na mke kilikuwa na chumba cha nguo cha futi 7 kwa futi 6. Chumba cha pili ni cha watoto. Nami nilijua kwamba mama yake mzazi, mjane, alikuwa akae nao nyumba ikiisha.

"Na mama?"

"Atalala na watoto kwanza, Maalim, mpaka tutakapoongeza chumba."

Sikumjibu, nilimwambia akaionyeshe ramani kwa mama. Alirudi baada ya siku tatu, akanieleza. Bibi yule hajui kusoma ramani, basi mwanawe alimwonyesha kwa kidole: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba chetu, hapa watoto. Bibi akaweka kidole chake juu ya kile chumba kidogo akasema, "Na hiki ndicho changu." Kijana alishindwa kumwambia kuwa ni cha nguo.

Mkewe ndiye aliyekitaka chumba kile, na hakufurahi mara moja, wala sioni vibaya kulisema. Alikuwa na sababu zake: vitu vyake viguswavyo na watoto, na mahali pa kuvaa asionekane. Hizo ni haja za haki, na mume mwenye akili hazipuuzi. Wakakaa pamoja na fundi. Kwa kuwa chumba kile kidogo kilipakana na ukuta wa nje, wakakiongeza futi 3 kutoka sebuleni kikawa futi 7 kwa futi 9, wakakitoboa dirisha, na mlango wakaugeuza uelekee ukumbini. Bibi akapata chumba chenye kitanda na kabati dogo. Katika chumba cha mume na mke wakaweka kabati la futi 6, upande wa mke una kufuli na ufunguo anao yeye. Nalo hawakulibandika ukutani. Walilisimamisha karibu na mlango, ubavu wake ukielekea mlangoni, na nyuma yake pakabaki pembe ya kuvalia. Afunguaye mlango haoni ila ubavu wa kabati. Sitara wameipata bila tofali hata moja.

Hapo ndipo nasema: nyumba ihesabu watu kwanza, kisha nguo. Ukiona katika ramani nguo zina chumba na binadamu hana, ibadilishe ramani wakati bado ni karatasi.

Na sasa maneno machache kwa yule atakayechagua kabati. Mbao za mninga, mvule, mkongo au msaji hudumu, na fundi wa mtaani ataweza kuzitengeneza zikiharibika. Makabati ya dukani ya mbao za unga uliogandamizwa ni mepesi kwa bei na mazuri kwa macho, lakini yakinywa maji huvimba chini, na bawaba zikingʼoka hazishiki tena mahali pale pale. Ukinunua la namna hiyo, miguu yake iwe ya plastiki au chuma, isiwe ubao wenyewe uliokaa juu ya sakafu ipigwayo deki.

La pili, lifunge kabati ukutani kwa vyuma viwili vya pembe juu yake, hata kama umeliacha na nafasi ya inchi 3. Na likisimama mbali na ukuta kama la kijana yule, lifungwe sakafuni au darini. Mtoto huvuta droo akazifanya ngazi, na kabati likampindukia. Balaa hii imeua watoto wengi huko Marekani, hata mwaka 2022 ikatiwa saini sheria inayotaka makabati ya nguo yapimwe kabla ya kuuzwa, yasiwe rahisi kupinduka. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Vyuma viwili na misumari ya kuzungusha vyapatikana katika kila duka la vifaa. Na kitasa kiwe cha kufunguka hata kwa ndani, maana watoto hujificha humo wakicheza.

La tatu ni wadudu. Nondo hula sufu na hariri, si pamba. Basi usipoteze dawa kwenye kanga. Kanzu iliyotiwa wanga huwaita mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha, kwani wanga ni chakula chao. Itakayokaa miezi ifuliwe na iwekwe bila wanga, utiwe siku ya kuvaliwa. Nguo yenye jasho isirudi kabatini, hata ikiwa imevaliwa saa moja, kwa kuwa jasho ndilo liachalo manjano shingoni.

Na vile vidonge vyeupe vya naftalini vyenye harufu kali, tahadharini navyo. Vyafanana na peremende, na mtoto huvila. Tena visikae kabisa pamoja na nguo za mtoto mchanga. Wako watoto wazaliwao na upungufu wa kitu katika damu kiitwacho G6PD, nao ni wengi katika nchi za malaria kama zetu. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo au kufunikwa blanketi lililokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kuvunjika, akageuka manjano na maisha yake yakawa hatarini. Nguo za mtoto zianikwe juani na zikunjwe na karafuu kando yake ndani ya kifuko. Ndiyo dawa ya bibi zetu, na nguo hunukia vizuri.

Atakayejenga chumba cha nguo, naye na ashike haya: kiwe na dirisha, au kwa uchache matundu ya hewa juu na chini ya mlango, kisipakane na bafu, taa isiwe karibu na nguo zilizotundikwa, maana balbu ya moto yaweza kuzichoma, na upana usipungue futi 5 kikiwa na nguo upande mmoja, au futi 7 kikiwa pande mbili. Chini ya hapo mtakuwa mmejenga kabati msiloweza kulisogeza.

Wewe unayejenga mwaka huu, fanya jambo moja kabla ya kumlipa mchoraji. Chukua chaki, ichore ramani yako juu ya ardhi kwa vipimo vyake kamili, kisha waite wote watakaolala katika nyumba ile, mkubwa na mdogo, kila mmoja asimame mahali pake.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya jiko: liwe ndani ya nyumba au uani.

Wabillahi tawfiq.